Hita ya Bei Nafuu Yazielemea Nyaya za Nyumba Kongwe

NAIROBI: Baridi ya Juni hadi Agosti inapoingia jijini, wateja wa hita za maji huongezeka katika maduka ya vifaa vya umeme ya Luthuli Avenue na River Road. Wengi huulizia hita ya papo hapo, ile inayofungwa juu ya bafu na kupasha maji yakiwa yanapita. Ni ndogo, haili nafasi, na bei yake iko chini sana ya ile ya tangi. Kwa mwenye nyumba ya zamani, hata hivyo, bei ya dukani haimalizi hesabu.

Nyumba nyingi za mawe za Ngara, Pangani na Parklands zilijengwa kabla ya uhuru wa mwaka 1963, na nyaya zake zilipimiwa taa, redio na pasi. Hita ya papo hapo ya wati 5,500, kwenye umeme wa volti 240, huvuta ampea 23 hivi. Plagi ya kawaida mwisho wake ni ampea 13. Anayeiunga kwenye waya wa taa ulio karibu, ili akwepe kupasua ukuta, anapasha moto ukuta pamoja na maji. Hita hiyo hudai waya wake peke yake kutoka kwenye boksi la mita, usiopungua milimita za mraba 4, au 6 njia ikiwa ndefu, pamoja na swichi yake ya kujikata. Waya, fundi na kuziba ukuta huweza kupita bei ya hita yenyewe.

Tangi la lita 50 lenye elementi ya wati 3,000, ambalo mteja huliona kubwa na ghali, huvuta ampea 12.5 tu. Hupasha maji kutoka nyuzi 18 hadi 60 kwa muda wa dakika 50 hivi, na kutumia takriban uniti 2.4. Kuoga dakika 10 kwa hita ya papo hapo hutumia uniti 0.9. Anayeishi peke yake ataipendelea ile ndogo. Familia ya watu wanne haioni tofauti kubwa kwenye tokeni, ila nyaya zake hupumua. Tangi lisifungwe bila valvu ya usalama, na tundu la valvu hiyo lisizibwe hata kama linadondosha maji.

Jambo zito zaidi ni waya wa ethi. Katika aina nyingi za hita za papo hapo, zikiwamo zinazotoka Brazil, elementi hugusa maji moja kwa moja. Maji ya kisima yenye chumvi hupitisha umeme kwa urahisi zaidi na kula elementi mapema, ndiyo maana wauzaji wana hita maalumu za maji ya chumvi. Baadhi ya nyumba kongwe zilitegemea bomba la chuma la maji kupeleka umeme ardhini. Bomba hilo lililooza linapobadilishwa kwa la plastiki, njia hiyo hukatika kimya kimya, na anayeoga hana habari. Fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA hupima ethi kabla hita haijanunuliwa.

Hita za jua nazo zilipata msukumo wa serikali. Kanuni za mwaka 2012 ziliyapa majengo yaliyotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku miaka 5 ya kuzifunga. Umeme wake ni mdogo, lakini mbao za paa kuukuu zina neno lao: tangi la lita 200 ni kilo 200 za maji pekee, juu ya vigae. Seremala huitwa kwanza, na mara nyingine hulazimika kuongeza boriti au kulishusha tangi kwenye jukwaa la chuma kando ya nyumba.