Mkaa wa Kopo, Gesi ya Mtungi: Hesabu za Jikoni Dar es Salaam

Tanzania inataka asilimia 80 ya wananchi wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Lengo hilo limo katika mkakati wa taifa uliozinduliwa Mei 2024, na mtihani wake mgumu uko Dar es Salaam, soko kubwa la mkaa kuliko yote nchini.

Nguvu ya mkaa ni jinsi unavyouzwa. Mwenye shilingi 2,000 anapata wa kopo kwa jirani, na usiku watoto wanakula ugali. Kujaza mtungi wa kilo 6 ni zaidi ya shilingi 20,000, tena kwa mkupuo. Hata kama kwa mwezi mkaa unakula fedha nyingi zaidi, kibarua anayelipwa kwa siku hupanga matumizi kwa siku.

Kampuni ya KopaGas iliiona mapema fursa ya kuuza gesi kidogo kidogo. Ilifunga mita kwenye mtungi, mteja akawa analipia kwa simu kadiri ya alichonacho. Mwaka 2020 Circle Gas ya Uingereza iliinunua teknolojia hiyo kwa dola milioni 25 za Marekani.

Umeme nao haupungui tena kama zamani: bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa, lina uwezo wa megawati 2,115. Jiko la presha la umeme huivisha maharage kwa chini ya uniti moja. Kikwazo kiko kwenye bei ya LUKU, umeme unaolipiwa kabla. Mteja wa kundi la D1, la matumizi madogo ya nyumbani, hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi, mradi asizidishe uniti 75 kwa mwezi. Akizidisha, kila uniti ya ziada humgharimu zaidi ya mara tatu. Mama akianza kupikia umeme, anaweza kuuvuka mpaka huo kabla mwezi haujaisha.

Hesabu hizi zote ndizo zinazofanya nyumba nyingi ziwe na majiko mawili: gesi ya chai na mboga, mkaa wa maharage na makande. Mtafiti anayeuliza familia inatumia nishati gani ataandikiwa gesi, na mkaa utabaki nje ya dodoso. Aulize kila chakula kimepikiwa nini na fedha ilitoka lini. Kwa wafanyabiashara na serikali, majibu hayo yana faida kuliko idadi ya mitungi iliyogawiwa, kwa kuwa mtungi usiojazwa tena haujapunguza hata gunia moja la mkaa.