Ukitoka Kuzamia, Usikimbilie Dodoma

Baadhi ya vijana wetu wanafanya kazi Zanzibar na Mafia, na huko huzamia baharini kwa mitungi ya hewa. Mkononi huvaa kompyuta ya kuzamia. Ikitoa onyo la oksijeni, mara nyingi maana yake oksijeni imezidi, si kwamba imepungua. Kwenye kina kirefu, uzito wa maji huifanya oksijeni iwe sumu iletayo degedege. Mzamiaji apande taratibu mpaka onyo liishe.

Lakini onyo hilo likinyamaza, hatari nyingine bado ipo. Naitrojeni iliyoingia mwilini hutoka polepole. Dodoma iko mita 1,100 hivi juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi. Anayewahi kufika huku, naitrojeni yaweza kumtoka kwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa ghafla. Na tangu 2024 treni ya umeme hutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa mwendo wa saa nne hivi!

Basi zingatieni haya:

1. Baada ya kuzamia mara moja, apumzike pwani angalau saa 12. Akizamia mara nyingi, saa 18. Siku nzima ni salama zaidi.

2. Akiumwa viungo, akipata ganzi, kizunguzungu au miguu kulegea, mlazeni na kumwahisha hospitali apewe oksijeni. Dawa ya maumivu haiondoi mapovu.

3. Mwambieni mganga kwamba alizamia. Asipojua, atatafuta malaria.