Ukitafuta nyumba Old Town Lilongwe, unanunua miaka, si ardhi

SWALI ninaloulizwa mara nyingi siku hizi ndani ya basi, tangu Kasumulu mpaka Lilongwe, halihusu tena bei ya vitenge wala ushuru wa forodha. Watu wanataka kujua kama inawezekana kununua nyumba Lilongwe, upande wa Old Town, na kufungua mahali padogo pa kupumzikia: vyumba vitatu au vinne vya kulala, chumba cha kukandwa, chumba cha mvuke, uani pana kivuli na chai ya tangawizi.

Wanaouliza ni wa aina mbili. Wapo wafanyabiashara wenzangu wa mpakani, ambao wamechoka kulala katika vyumba vya kelele jirani na stendi. Na wapo waliowahi kuishi katika kambi ya Dzaleka, wakapelekwa Marekani, Canada au Norway, wakafanya kazi za usiku na mchana, na sasa wanarudi kuona ndugu wakiwa na akiba mkononi na pasipoti ya nchi nyingine.

Biashara yenyewe si ngeni kwetu. Huko ughaibuni imepewa majina makubwa na watu hulipa dola nyingi kwa siku mbili za kulala na kukandwa. Sisi mama aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto mpaka siku arobaini zitimie, na hakuna anayetoa risiti. Bibi harusi wa Unguja husingwa kwa liwa, karafuu na asumini. Mwenye mafua hufunikwa blanketi akajifukiza majani. Ujuzi tunao. Wengi wanakwama kwenye nyumba.

Kwa nini Old Town

Lilongwe ina sura mbili. Ipo ile ya ofisi za serikali na balozi, iliyojengwa baada ya makao makuu kuhamishwa kutoka Zomba mwaka 1975. Na upo mji wa zamani, ng'ambo ya pili, wenye soko kuu kando ya mto Lilongwe, mafundi cherehani barazani, maduka ya Wahindi ya Area 2 na msikiti wao, na nyumba za kizamani za Area 3 zenye viwanja vikubwa na miembe iliyopandwa kabla wengi wetu hatujazaliwa. Anayeshuka basi kutoka Dar es Salaam, Mbeya au Mzuzu hujikuta upande huu. Wateja wa mahali pa kupumzikia wanapita hapo hapo, wakiwa na migongo inayouma.

Kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaijui. Malawi haijapenda kuona wageni wakifanya biashara vijijini. Katika miaka ya 1970 serikali ya Rais Kamuzu Banda iliwataka wafanyabiashara wenye asili ya Asia kuacha maduka yao ya vijijini na kuhamia miji mikubwa. Mwaka 2012 amri ya aina hiyo iliwakumba wageni wengine, hasa Wachina, waliokuwa wakiuza rejareja wilayani kama Karonga. Kwa hiyo mgeni anayeota duka la mafuta na sabuni kijijini kando ya ziwa, afikiri mara mbili. Mjini kuna nafasi zaidi.

Sheria inasemaje

Mwezi uliopita nilimsindikiza mama mmoja mzaliwa wa Uvira, aliyekaa Dzaleka miaka minane kabla ya kupelekwa Canada. Ameniomba nisitaje jina lake, nami nitamwita dada mkubwa. Dalali alitupeleka kuona nyumba moja ya Area 3, vyumba vinne, jiko la nje, kisima kilichofukiwa. Nyumba ilimpendeza. Akauliza bei ya kununua moja kwa moja.

“Amayi, hilo halina shida,” dalali akamjibu. “Tunaandika jina la Mmalawi mmoja mwaminifu, wewe unabaki na karatasi yako ya makubaliano.”

Dada mkubwa akanigeukia. “Kaka, hiyo karatasi ya makubaliano itanifaa nini akifa huyo mwaminifu?”

Ndilo swali lililopaswa kuulizwa, na dalali hakuwa na jibu. Sheria ya Ardhi ya Malawi ya mwaka 2016 haimruhusu asiye raia kupewa ardhi kwa umiliki usio na ukomo. Anachoweza kupata ni upangaji wa muda, usiozidi miaka 50. Marekebisho yaliyopitishwa mwaka 2022 yalizidi kukaza kamba hiyo. Anayeandikwa katika hati ndiye mwenye mali. Akifariki, mali inakwenda kwa mjane na watoto wake, ambao huenda hawajawahi hata kukuona. Akigombana nawe, utakwenda mahakamani kudai nini, wakati makubaliano yenyewe yalifanywa ili kuikwepa sheria?

Tusiwaone Wamalawi kuwa wabaya kwa hilo. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimpi mgeni ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inamwekea mgeni ukomo wa miaka 99. Kongo, tangu sheria ya mwaka 1973, ardhi ni ya dola, na mgeni hapati haki ya kudumu. Ukanda wetu wote umechomwa na historia ya ardhi kuchukuliwa na wageni, na kila nchi imeweka mlango wake.

Wapo madalali wengine wanaokupeleka nje ya mji, barabara ya kwenda Dowa, ambako kiwanja ni bei ya kutupa. Huko ndiko kwenye hatari zaidi. Ardhi nyingi huko ni ya mila, chini ya machifu na kamati zao. Tena hiyo ni nchi ya Wachewa, ambao ukoo wao unafuata upande wa mama, na kwa desturi waiitayo chikamwini mume ndiye anayehamia kijijini kwa mke. Mwanamume anayekuonyesha shamba na kukuambia ni lake, huenda anakuuzia ardhi ya ukoo wa mkewe. Siku shangazi na wajomba wa mke wakija na majembe, risiti yako haitasomwa na mtu.

Dada wawili, karatasi mbili

Dada mkubwa ana mdogo wake ambaye bado yuko Dzaleka, na ndiye mwenye mikono. Anakanda wazazi, anatengeneza mafuta ya mwarobaini na sabuni, na wanawake wa Kirundi na Kikongo wanamfuata hata usiku. Mpango ulikuwa kwamba mkubwa atoe fedha, mdogo aendeshe nyumba.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu kuliko ardhi. Dzaleka iko kilomita kama 45 kutoka Lilongwe, wilayani Dowa. Zamani za Banda palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa, na jina lake huelezwa kuwa ni onyo kwa mtu aache alilokuwa akilifanya, asirudie tena. Mwaka 1994 pakageuzwa kambi ya wakimbizi. Ilikusudiwa watu wapatao elfu kumi hivi. Leo wamo zaidi ya elfu hamsini, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda.

Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, hapo mwaka 1987, iliweka masharti yake. Vifungu kadhaa, kikiwamo kile cha mali zisizohamishika, ilisema inavichukua kama mapendekezo tu. Ikajiwekea pia haki ya kupanga mahali pa kuishi wakimbizi. Kwa miaka mingi watu walifumbiwa macho, wakafungua maduka Lilongwe. Mwaka 2021 serikali ilitoa amri ya kuwarudisha kambini, mahakama ikaisimamisha. Mwezi Machi 2023 amri ikatolewa upya, mwisho ukiwa Aprili 15, na Mei mwaka huo polisi na wanajeshi wakaingia mitaani Lilongwe. Watu walichukuliwa pamoja na watoto wao, wengine wakapitishwa katika gereza la Maula kabla ya kupelekwa Dzaleka. Maduka yalifungwa na bidhaa zikiwa ndani, na mengine yakaporwa.

Kwa hiyo hawa ni dada wa tumbo moja, lakini mbele ya afisa uhamiaji ni watu wawili tofauti kabisa. Mkubwa, kwa pasipoti yake ya Canada, ni mgeni anayeweza kuomba kibali cha ukaazi cha biashara na kusajili kampuni. Mdogo, ambaye ameishi Malawi miaka mingi kuliko yeye na anazungumza Kichewa kama mzaliwa, hawezi kuhamia Area 3 akasimamie kitanda cha kukandia. “Yaya, ukiniweka pale utakuwa unaniwekea mtego,” alimwambia mkubwa wake tulipokwenda kumtembelea. Mkubwa alilia. Mdogo hakulia, aliendelea kukoroga mafuta.

Nilimuuliza mdogo kama hajafikiria kupokea wageni kambini kwenyewe. Akacheka, akasema walishaanza siku nyingi. Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa mwaka 2014 na mshairi Menes La Plume, naye mkimbizi kutoka Kongo, huleta maelfu ya watu Dzaleka, na baadhi ya wageni hulala katika nyumba za wakazi. Mgeni anakula sombe na ugali wa muhogo, analala chini ya bati la mwenyeji, analipa, anaondoka. Hakuna aliyenunua kiwanja. Nyumba za kambini hupita mkono kwa mkono, lakini udongo wote ni wa serikali, na kila mtu pale analijua hilo kuliko madalali wa mjini. Ila tamasha ni la siku chache kwa mwaka.

Kabla ya kutoa hela

Mimi msimamo wangu ni huu: mwenye fedha za kununua nyumba Old Town akodi, tena kwa mkataba ulioandikwa na wakili, na fedha zake azitie zaidi katika vitu vinavyobebeka. Meza za kukandia, majiko, matangi na magodoro hupakiwa katika lori siku mambo yakiharibika. Ukuta na vigae vinabaki kwa mwenye nyumba.

Jambo la kwanza ni upekuzi katika masjala ya ardhi. Viwanja vya mji wa zamani vina asili mbalimbali. Vingine ni vya Wizara ya Ardhi, vingine vya Halmashauri ya Jiji, na nyumba nyingi ni za Shirika la Nyumba la Malawi. Anayekupangisha huenda naye ni mpangaji. Hapa watu wengi huumia bila kujua: kama hati yake imebakiza miaka 18, hawezi kukupa miaka 25, hata akiapa kwa jina la mama yake. Na akiwa amepangishwa na serikali, mkataba mrefu unahitaji ridhaa ya Wizara. Usitoe arubuni kabla ya ridhaa hiyo, wala usikubali kilemba kisichoandikwa.

La pili ni sarafu. Wenye nyumba wanapenda kudai dola. Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha kwa asilimia 44, dola ikapanda kutoka kwacha 1,180 hivi hadi 1,700 kwa mkupuo mmoja. Aliyekuwa akikusanya kwacha kwa wateja na kulipa kodi ya pango kwa dola aliamka kapandishiwa kodi bila barua. Mkataba wa kwacha wenye nyongeza inayojulikana ndio salama.

Halafu kuna maji, umeme na moto. Kimbunga Ana cha Januari 2022 kilipovunja bwawa la Kapichira, nchi ilipoteza karibu theluthi ya umeme wake, na watu walijifunza kutotegemea waya. Chumba cha mvuke hakiwezi kusubiri umeme urudi. Mkaa nao una masharti, kwani kuchoma na kuuza bila leseni ni kosa. Gesi ni ghali. Jiko la mabaki ya mbao na tangi kubwa la akiba ni mambo ya kuangalia kabla hata ya kuangalia rangi ya ukuta.

Leseni ya biashara ni ya jiji, na ukilaza wageni utahitaji pia ya mamlaka ya utalii. Kituo cha Uwekezaji na Biashara cha Malawi ndicho cha kuulizwa mtaji unaotakiwa kwa mgeni. Uliza mwenyewe, dirishani. Bei ya mwaka jana aliyoambiwa binamu yako si ya kutegemea.

Dada hao wawili wamegawana kazi upya. Mkubwa atapangisha nyumba kwa jina la kampuni yake na kuajiri Wamalawi wawili, ambao mdogo anawafundisha kukanda huko huko Dzaleka, siku wanayokwenda kununua mafuta na sabuni zake kwa bei ya jumla. Mpaka naandika makala haya, wakili alikuwa bado anasubiri jibu la Wizara. Kitu pekee ambacho dada mkubwa amekwisha kununua ni tangi la maji la lita 5,000, na amelihifadhi kwa mfanyabiashara mwenzangu huko Kawale.