Mwandishi Anapojitafsiri Mwenyewe



Hapa Matonge, mtaa wa Brussels uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa, mtu huweza kubadili lugha mara tatu kabla hajamaliza kununua kisamvu, ambacho hapa huitwa pondu. Kwa Kiswahili hujitambulisha kwa wazee wake na kwao. Manispaani, kwa Kifaransa, hubaki jina, tarehe ya kuzaliwa na anwani. Mimi karani mstaafu, niliyefundishwa Kifaransa na mapadri, nimewajazia wenzangu fomu nyingi za namna hiyo. Hakuna uongo ndani yake, ila mtu wa kwenye fomu si yule anayekaribishwa nyumbani.

Waandishi wanaotafsiri kazi zao wenyewe hukutwa na jambo hilo. Ngũgĩ wa Thiong'o alianza kwa Kiingereza, akijiita James Ngugi. Mwaka 1978, akiwa kizuizini Kamĩtĩ, aliandika riwaya ya Kigikuyu kwenye karatasi za choo. Ilitoka 1980 kwa jina Caitaani Mũtharaba-inĩ, na mwaka 1982 akaitoa mwenyewe kwa Kiingereza, Devil on the Cross. Hapo mpangilio uligeuka: Kigikuyu ndicho mwenye nyumba, Kiingereza mgeni.

Okot p'Bitek wa Uganda alitunga utenzi wa Lawino kwa Kiacholi, kisha akautafsiri kwa Kiingereza mwaka 1966. Lawino ni mke anayemlaumu mumewe kwa kudharau mila za kwao. Kwa Kiacholi analalamika mbele ya jamaa. Kwa Kiingereza wasikilizaji ni wasomi, wanaofanana zaidi na mume. Na Okot mwenyewe alisoma Uingereza.

Naye Ebrahim Hussein aliandika tamthilia ya Kinjeketile kwa Kiswahili, 1969, na mwaka uliofuata ikatoka tafsiri yake mwenyewe ya Kiingereza. Kwa Watanzania alizungumzia vita vya babu zao. Kwa wageni ilimbidi awe mwenyeji anayeonyesha njia.

Jambo hili linatugusa majumbani. Mjukuu wangu aliandika insha ya Kifaransa kuhusu marehemu bibi yake, akamwita mwanamke mmoja kutoka Afrika. Nilimwomba aiandike tena kwa Kiswahili. Safari hii aliandika "bibi yangu", na yeye mwenyewe akaonekana ndani ya habari, akitumwa dukani na kuombewa dua. Basi nanyi mlioko Masqat na Dubai, watoto wakiandika habari za nyumbani kwa Kiarabu au Kiingereza, waombeni nakala ya Kiswahili, kisha msome zote mbili pamoja nao.