Walinzi wa Mlima wa Moto wa Nyiragongo

Mashariki ya nchi ya Kongo, karibu na mpaka wa Rwanda, uko mlima uitwao Nyiragongo, ambao kimo chake chapita futi 11,000. Chini yake, kando ya Ziwa Kivu, upo mji mkubwa wa Goma, usio mbali na kilele ila kama maili 12. Sababu ya watu kukaa karibu na hatari hiyo kila mkulima ataifahamu: majivu ya volkano yameirutubisha ardhi, na mazao hustawi sana. Lakini mlima huo huo uwalishao watu ndio uwaangamizao.

Lava ya Nyiragongo, yaani mawe yaliyoyeyuka kwa moto, ni nyepesi mno na hutiririka upesi. Tarehe 10 Januari, 1977, ziwa la moto lililokuwa kileleni lilipasua mbavu za mlima likamwagika lote kwa muda usiotimia saa moja, na wanavijiji wengi wakafa. Tarehe 17 Januari, 2002, moto uliingia Goma kwenyewe, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukafika hata ziwani. Watu wapatao 120,000 walikosa makao.

Kwa ajili hiyo wataalamu wa kituo cha uchunguzi cha Goma huulinda mlima kama mchungaji alindavyo kundi. Lava ikipanda, huvunja miamba iliyo chini, na ardhi hutetemeka kidogo kidogo. Binadamu hahisi, lakini mitambo huandika. Tena wataalamu hupima kama ardhi imevimba, kama moshi umezidi, na kama nyufa zimepata joto. Huchunguza pia mazuku, yaani hewa nzito isiyo na harufu, itokayo ardhini na kutulia mabondeni. Mbuzi au mtoto aingiaye humo hufa bila kelele.

Hata hivyo mitambo haijui yote. Jioni ya tarehe 22 Mei, 2021, mlima ulipasuka pasipo dalili za siku nyingi, kwa kuwa lava ilikuwa imekwisha kukaribia juu, ikingoja tu ukuta wa mlima uvunjike. Watu kama thelathini walikufa. Siku zilizofuata matetemeko yaliutikisa mji, na vipimo vikaonyesha kwamba lava ilikuwa ikipita chini ya Goma kuelekea ziwani. Tarehe 27 Mei serikali iliamuru wakazi wa mitaa kumi wahame. Lava haikutoka tena, na mwezi wa Juni watu wakaanza kurudi.

Je, walihama bure? La. Mkulima achimbaye mfereji kabla ya masika hajuti mvua ikiwa chache. Mtaalamu aweza kusema kwamba hatari iko karibu. Hawezi daima kutaja saa yake. Kwa hiyo kazi yake haina faida kubwa ikiwa mitambo haitunzwi wakati mlima umenyamaza, na ikiwa kila nyumba haijui mapema njia ya kukimbilia, na ni nani atakayewashika mkono wazee na watoto. Mlinzi hupiga baragumu, lakini kuondoka ni juu ya mwenye nyumba.