Mafuvu Yaliyokuwa na Majina

Ukipanda kutoka Wundanyi kwenda Werugha unapita mashamba ya mboga na migomba iliyoshikilia miteremko, na juu yake miamba mikubwa. Katika milima hii ya Dawida, huko Taita nchini Kenya, chini ya baadhi ya miamba, mahali ambapo mvua haifiki, mafuvu ya watu yamepangwa safu. Mgeni hushtuka. Aliyelelewa na bibi yake hapa anajua kuwa amefika kwa wakubwa, na hushusha sauti.

Zamani mtu mzima akifa alizikwa kwanza. Baada ya mwaka au zaidi kaburi lilifukuliwa, kichwa kikapelekwa kwenye pango la kichuku chake, yaani ukoo wake. Huko aliendelea kuhesabiwa miongoni mwa jamaa. Maradhi yakiingia nyumbani na ramli ikaonyesha kuwa marehemu ana kinyongo, watu walikwenda kumtuliza. Njia ilikuwa kutasa: mzee anapiga funda la pombe ya miwa, analipuliza kama manyunyu, na kwa maneno anaitoa hasira iliyomkaa yeye mwenyewe moyoni. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyefanya utafiti Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliona katika tendo hilo kiini cha dini nzima, akaliandikia kitabu kilichotoka 1978. Nami nasema wazi: ibada inayomtaka mtu asafishe moyo kabla ya kuomba haistahili kuitwa ushenzi, jina ambalo wengi wetu tulirithishwa.

Anayetafuta habari za Taita kabla ya mmisionari Johannes Rebmann kupita nchi hii mwaka 1848 hana maktaba ya hati. Ana lugha: watafiti Christopher Ehret na Derek Nurse walionyesha mwaka 1981 kwamba Kidawida na Kisaghala vimebeba maneno ya Kikushi, alama ya wenyeji waliokutwa hapa na Wabantu. Ana misitu mitakatifu ya fighi, ambayo mtu hakuingia na shoka. Na ana mapango.

Mapango hayo yaliingiliwa, na mafuvu yakachukuliwa. Mwaka 1931 jarida la Biometrika la Uingereza lilichapisha utafiti wa Elizabeth Kitson kuhusu mafuvu yaliyotoka Kenya, ya Wataita yakiwemo. Baadaye mwanaanthropolojia William Howells wa Harvard alipima mafuvu 83 ya Wataita, 33 ya wanaume na 50 ya wanawake, akatia vipimo vyake katika kitabu cha 1973. Vipimo hivyo vinatumika duniani hadi leo. Upana wa paji umeandikwa, urefu wa pua umeandikwa. Jina hakuna hata moja, na kila fuvu lilikuwa la mtu aliyejulikana na jamaa zake.

Wamisionari walifika Sagalla 1883 na Bura 1892, na karne ya 20 ilipoendelea ufukuaji ukakoma. Wanaojua pango lipi ni la kichuku kipi wamebaki wachache, na ni wazee sana.

Basi kijana wa Werugha, likizo hii kaa na babu yako. Omba ruhusa kwanza, na akikupeleka pangoni usiguse kitu, wala usipige picha usiyoruhusiwa. Chukua daftari, uandike jina la pango, la kichuku, kisha majina ya watu, kwa Kidawida, kama anavyoyatamka yeye.