Jiolojia ya Matonge Madogo ya Mbale ya Shaba katika Milima ya Hajar, Oman

Makala hii inaeleza jinsi matonge madogo ya mbale ya shaba yalivyotokea katika Milima ya Hajar, kaskazini mwa Oman, na namna mtafiti anavyoweza kuyatathmini kabla ya kuanza kuchoronga. Neno mbale linatumika kwa maana ya mwamba wenye madini ya kutosha kuchimbwa. Hoja inayotetewa ni kwamba udogo wa matonge hayo unatokana na namna yalivyoumbika. Kwa hiyo, swali la msingi mbele ya dalili za shaba si kama shaba ipo, bali kama iliyobaki inastahili gharama ya kuitoa, hususan gharama ya maji.

Miamba inayohusika ni kipande cha sakafu ya bahari kilichoumbika takriban miaka milioni 96 hadi 95 iliyopita. Baadaye kipande hicho kilisukumwa juu ya ukingo wa bara la Arabuni, na leo kinaonekana nchi kavu kwa urefu wa karibu kilomita 500. Wanajiolojia hukiita ofioliti ya Semail. Mfuatano wake kutoka chini kwenda juu ni peridotiti, gabro, kuta nyembamba za basalti zilizosimama wima, na hatimaye lava zilizoganda kwa umbo la mito ya kulalia. Lava hizo huonekana vizuri katika Wadi Jizzi, magharibi ya Sohar. Matonge ya shaba hupatikana ndani ya lava hizo au mpakani mwa matoleo yake.

Chanzo chake ni maji ya bahari. Maji hayo yalipenya katika nyufa za sakafu, yakapashwa joto na magma, yakazidi nyuzi 350 za selsiasi. Yakiwa na joto hilo, yaliyeyusha shaba, chuma na salfa kutoka katika miamba, kisha yakapanda kwa kasi na kukutana na maji baridi ya bahari. Hapo madini yaliganda na kurundikana kama salfaidi: pairiti kwa wingi, na kalkopairiti iliyobeba shaba. Chini ya kila rundo ulibaki mtandao wa mishipa ya madini, ambao ndio njia maji yalikopitia. Chemchemi za namna hiyo zilishuhudiwa zikifanya kazi katika Bahari ya Pasifiki mwaka 1979, na tangu hapo maelezo haya yamekuwa na ushahidi wa macho.

Udogo unaeleweka hapo. Kila rundo lilitegemea chemchemi zake, na chemchemi zilipozibwa au kupoa, rundo liliacha kukua. Lava mpya ilipolifunika iliweza kulihifadhi. Lisipofunikwa, liliweza kuliwa na maji ya bahari yenye oksijeni. Aidha, msukumo uliopandisha ofioliti juu ya bara uliivunja miamba kwa mipasuko, na baadhi ya matonge yakakatwa na kuhamishwa kutoka kwenye mishipa yake.

Juu ya ardhi, tonge hujulikana kwa kofia ya rangi nyekundu, kahawia na manjano. Kofia hiyo ni kutu: pairiti imeoza kwa hewa na maji ya mvua, ikatoa asidi, na asidi hiyo ikaibeba shaba. Hivyo basi, kofia kubwa yenye rangi kali inaweza kuwa na shaba kidogo sana, kwa sababu pairiti tupu nayo huacha kutu. Kijani cha malakiti nacho huonyesha tu mahali shaba ilipotua baada ya kusafiri. Dalili zenye uzito zaidi ni umbo la mishipa, mabadiliko ya miamba iliyo chini ya kofia, na nafasi ya kofia kati ya matoleo mawili ya lava.

Ikumbukwe pia kwamba mtafiti wa leo si wa kwanza kufika. Maandishi ya Mesopotamia ya milenia ya tatu kabla ya Kristo yanataja shaba ya Magan, nchi ambayo wataalamu wengi huihusisha na Oman. Uyeyushaji ulistawi tena katika karne za mwanzo za Uislamu. Vilima vya mavi ya shaba vilivyobaki vinathibitisha kuwapo kwa mbale, lakini vinathibitisha vilevile kwamba sehemu iliyo rahisi kufikiwa imekwisha kuchukuliwa.

Tuchukue mfano wa kukisia: tonge la tani 500,000 lenye shaba asilimia 2. Litatoa tani 10,000 za shaba iwapo hakuna kinachopotea, na tani 490,000 za mabaki yenye salfaidi. Mabaki hayo yanahitaji hifadhi ya muda mrefu. Lasail inatoa funzo: katika miaka ya 1980 na mapema ya 1990, maji ya bahari yalitumika katika uchakataji, na chumvi kutoka kwenye bwawa la mabaki ikapenya katika maji ya ardhini ya Wadi Suq. Katika nchi ambamo mashamba hutegemea visima na mifereji ya falaj, hasara ya namna hiyo hudumu kuliko mgodi wenyewe.

Kwa hiyo, ramani ya mkondo wa maji ya ardhini inapaswa kuchorwa pamoja na ramani ya miamba, kabla ya shimo la kwanza kuchorongwa. Tonge linaloonekana la faida katika ramani moja linaweza kukosa faida hiyo ramani zote mbili zinaposomwa kwa pamoja.